Miguu ya Dereva Mstaafu

Nilipostaafu ualimu, miezi ya mwanzo nililala. Baadaye nikaanza kusahihisha sarufi ya matangazo ya vifo redioni, kwa sauti, na mume wangu akaniomba kwa upole nitafute watu wa kukaa nao. Ndivyo nilivyoingia kwenye kikundi chetu cha wastaafu hapa Moshono.

Tunakutana kila Alhamisi asubuhi kwenye baraza ya mama mmoja mjane aliyekuwa mkunga wa hospitali, ambaye sote tunamwita Sista. Kila mmoja anawafundisha wenzake kitu anachokijua. Mwalimu mkuu hakuna, jambo lililonisumbua sana mwanzoni, mpaka nikazoea kutowaambia watu wazima wanyooshe mikono. Hakimu mstaafu, ambaye ndiye mkubwa wetu kwa umri, alitufundisha kuandika wosia, na alifundisha vizuri mno, kiasi kwamba mzee mmoja alirudi nyumbani akiamini hafiki Jumapili.

Zamu ilipomfikia mwenzetu mmoja, dereva mstaafu, alisema yeye hana la kufundisha. Huyu ni mtu mkimya, aliyeendesha malori kwenda Dar es Salaam na Zambia maisha yake yote bila kugonga hata mbuzi. Sista alikuwa anamimina chai. Akaweka birika chini.

"Nifundishe mimi kuendesha," akasema.

Wote tukageuka kutazama uani. Chini ya mparachichi ilikuwepo pikapu ya milango minne ya marehemu mume wake, ambayo haikuwa imetoka pale tangu msiba, ingawa mtoto wake mmoja alikuja mara moja moja kuiwasha. Kuku walikuwa wanataga nyuma. Watoto wake walikuwa wanamshauri aiuze. Sista akatueleza kwamba kuiuza hawezi, ila amechoka kuiosha kila Jumamosi kama maiti. Dada yake anaishi huko juu mlimani, kwenye migomba na kahawa, na yeye kwenda kumwona ni mpaka apande bodaboda, na kila mara anaposhuka magoti hayamtii.

Hakimu akaafiki, kwa sharti moja, kwamba gari lisivuke geti mpaka Sista apate leseni ya kujifunzia. Kisha akapanda siti ya nyuma, akasema amekuja kama mtazamaji. Mimi nikakaa pembeni yake. Kuku walitolewa, wakalalamika sana.

Dereva alikaa kushoto kwa Sista, akafunga mkanda, akafuta vumbi kwenye dashibodi. Tukasubiri. Mwishowe akasema, "Haya, liondoe."

Sista akauliza analiondoaje.

"Unaliondoa tu. Unalisikiliza. Likikuambia, unaachia."

"Likiniambia nini?"

Dereva akakuna kichwa. "Likikuambia uachie," akasema.

Gari likaruka mbele, likazima. Likaruka tena, likazima tena, na kofia ya hakimu ikamwangukia mapajani. Asubuhi yote hatukufika kwenye kamba ya nguo.

Tukarudi barazani. Hakimu akaona kasoro iko kwenye ushahidi, akamkalisha dereva mbele yake na kuanza kumhoji. Kwenye malori yake, gari lilipoanza kutembea, mguu wake wa kushoto ulikuwa wapi? Ulikuwa umekanyaga au umeachia? Dereva akajibu kwamba hajui, mheshimiwa, mguu unajua wenyewe. Hakimu akamkumbusha kwamba mguu hauwezi kuitwa kutoa ushahidi. Dereva alikuwa anatoka jasho, na nilimwonea huruma, maana hakuwa anaficha kitu. Alikuwa amefanya jambo lile kwa muda mrefu hata lilikuwa limeshuka kutoka kichwani likahamia kwenye soli.

Sista ndiye aliyemwokoa. Akasema wanawake wanaojifungua nao hawajui kueleza, ukiwauliza sana wanakutukana. Unawaangalia. Akaingia jikoni, akatoka na kiti, ungo na mwiko. Akapanga kandambili tatu sakafuni: klachi, breki, mafuta. Akampa dereva ungo uwe usukani, na mwiko akaushika mwenyewe uwe gia.

"Tupeleke Moshi," akamwambia.

Dereva aliona aibu. Akaangalia getini kama kuna mtu anapita. Kisha akafumba macho, na uso wake ukabadilika, ukawa uso wa mtu aliye kazini. Akaondoka. Tengeru akapunguza mwendo kwa ajili ya watu wa sokoni. Karibu na Usa River akasimama kabisa.

Hakimu akataka kujua kwa nini tumesimama.

"Trafiki," akasema dereva, macho bado kayafumba.

"Kosa lako nini?"

"Sina kosa. Ananiamkia."

Alipoanza kuondoka tena nikapiga magoti, magoti yangu haya, nikaweka uso karibu na zile kandambili. Nikaona. Kisigino cha kushoto kilipanda taratibu, kikafika mahali, kikasimama. Kikangoja. Mguu wa kulia ukashuka kidogo, na hapo tu ndipo wa kushoto ukamalizia kupanda. Nikawaambia wenzangu. Dereva akafumbua macho, akainama, akaitazama miguu yake kama miguu ya mgeni.

"Kumbe," akasema polepole. "Kumbe huwa nangoja."

Nilitaka ainuke ili Sista ajaribu, lakini dereva akakataa kushuka. Hatujafika Moshi, akasema. Ikabidi tukae tumsubiri, chai ikapoa.

Sista alifanya mazoezi kwenye kandambili wiki nzima, hata akiwa anakoroga uji. Alhamisi iliyofuata pikapu ilitoka chini ya mparachichi bila kuruka, ikafika getini, na Sista akalia kidogo, kisha akatuuliza kwa ukali tunaangalia nini. Akapata leseni ya kujifunzia, akaenda chuo cha udereva mjini, akafeli kurudi nyuma, akarudia, akafaulu.

Siku aliyotupeleka kwa dada yake, barabara ilikuwa na tope la mvua ya jana yake. Hakimu na mimi tulikaa nyuma tumeshikana mikono, jambo ambalo tumekubaliana tusilizungumze. Dereva, ambaye tangu siku ile ya ungo amekuwa msemaji ajabu, alianza safari akitueleza kazi ya kila mguu. Sista alipanda mlima na gia namba mbili, wala hakuibadilisha.

Kwenye kona ya mwisho, pembeni mwa migomba, nikagundua maelezo ya miguu yamekatika. Nikachungulia mbele. Dereva alikuwa amelalia kioo, mdomo wazi, anakoroma.

Nikanyoosha mkono nimwamshe. Sista akanizuia bila kugeuka.

"Mwache," akasema. "Hajawahi kupelekwa na mtu."

Tukaingia uani kwa dada yake taratibu sana, hata mbwa hawakubweka.