Mkaguzi Anayeonja Kuta

Mkaguzi wa mji mkongwe haamini macho yake. Hukwaruza lipu kwa ukucha wa kidole gumba, huonja, kisha hutema: "Saruji! Nyumba hizi ni za chokaa. Bandua!" Bibi mwenye ghorofa inayotazama bahari alishabandua mara mbili, na leo alimngoja kibarazani kama bi harusi. Mkaguzi akakwaruza, akaonja, akafumba macho. "Chokaa," akanong'ona. "Chokaa tupu, mama yangu!" Akarusha kofia yake juu, fomu zake za ukaguzi zikapeperukia baharini, naye akamchezesha bibi kibarazani mpaka kanga ikamvuka begani. Bibi alipogeuka kuokota kofia, akamkuta amerudi ukutani, analamba.

"Mkaguzi, si umeshaupitisha?"

"Nimeupitisha, mama. Naongeza kidogo tu."