Saa ya Nakonde Kwenye Kompyuta ya Simbeye

Nakumbuka asubuhi moja pale Tunduma, mwanangu, kabla mkoa huu haujaitwa Songwe, wakati foleni ya malori ilipokuwa ikianzia mpakani na mwisho wake huuoni. Nilikuwa fundi kompyuta kwenye ofisi ndogo ya uwakala wa forodha, binti mbichi kutoka chuoni Mbeya, nikitembea na bisibisi mfukoni hata siku zisizohitaji bisibisi.

Ofisi yetu ilikuwa na kompyuta tatu za mezani, zimeunganishwa kwa waya na seva iliyokaa kwenye kona. Nyaraka zote za mizigo tuliziweka kwenye folda moja ndani ya seva hiyo, kila mtu akizifungua kutoka mezani kwake. Aliyekabidhiwa folda ni Tumpe, msichana wa Ileje, mpole wa sura lakini mdomo anao. Yeye ndiye aliyepanga nani aingie na nani asiingie. Jana yake aligombana na Simbeye, karani mwenzake, aliyekuwa na tabia ya kuhamisha nyaraka za watu bila kuuliza. Alimwambia mbele yetu sote, "Ipo siku nitakufungia nje, utafute pa kuingilia." Tulicheka. Simbeye hakucheka.

Basi asubuhi hiyo Simbeye akafungua folda, ikakataa. Akajaribu tena, ikakataa. Mlangoni dereva wa lori la ndizi alikuwa anasubiri karatasi zake avuke. Simbeye hakumwita fundi, alimwita bosi. Bwana Kibona alikuwa mwepesi wa hasira, Mungu amrehemu. Akamwambia Tumpe aweke funguo za ofisi mezani, arudi kwao siku hiyo hiyo. Tumpe akasema hakugusa kitu. Nani amwamini, na maneno ya jana tuliyasikia wote? Yeye ndiye aliyekuwa anasomesha wadogo zake. Alizitoa funguo, akaziweka mezani.

Kisha bosi akanigeukia mimi. "Fundi, ni yeye?"

Neno lilikuwa tayari mdomoni. Nilitaka kusema labda. Ni neno tamu hilo, mwanangu, hasa kwa fundi mgeni anayetaka aonekane anajua. Kabla sijalitoa, Mzee Sichone, mkubwa wetu kwa umri, aliyekuwa anakunywa chai yake kwenye meza ya dirishani, akaongea bila hata kuinua kichwa.

"Binti, ukisema labda hapa, hawa watasikia ndiyo. Kama hujui, sema hujui, halafu nenda kaangalie."

Niliona aibu hadi masikio yakawaka moto. Nikamwambia bosi kwamba sijui bado, anipe muda kidogo.

Nikaanza na meza ya Mzee Sichone. Kwenye kompyuta yake folda ilifunguka bila shida. Simbeye akasema ni kawaida ifunguke, kwani aliyefungiwa ni yeye peke yake. Hoja ilikuwa na maana, sikubishana naye. Nikamwomba akae pale pale kwa mzee, aingie kwa jina lake na nenosiri lake mwenyewe. Akaingia. Nyaraka zote zikajipanga mbele yake. Kumbe jina lake halikufungiwa kabisa, shida ilikuwa kwenye kompyuta yake. Nilimtazama Tumpe, yeye alikuwa bado anatazama sakafu.

Kwenye kompyuta ya Simbeye waya wa mtandao ulikuwa sawa, na taa yake inawaka. Ndipo nikausoma ujumbe wa kwenye kioo hadi mwisho, jambo ambalo hakuna aliyelifanya, maana Kiingereza kirefu asubuhi kinachosha. Ulisema kwamba saa ya kompyuta hii na saa ya seva hazilingani. Saa ya ukutani ilikuwa imefika saa tatu. Ya Simbeye ilisema saa mbili.

Sisi wa mpakani hatuhitaji kuelezwa zaidi. Ng'ambo ya geti, Nakonde, upande wa Zambia, saa yao iko nyuma ya yetu kwa saa nzima, na ukiahidiana na mtu lazima umuulize, ya kwetu au ya kwao? Simbeye mwenyewe akakiri kwamba alikuwa amechoka kuwapigia simu wenzake wa Nakonde kabla hawajafungua ofisi. Kwa hiyo jioni ya jana yake aliirudisha nyuma saa ya kompyuta yake ifanane na yao, akaenda zake nyumbani ameridhika. Seva nayo haimpokei anayekuja na saa iliyopishana mno na yake. Nikairekebisha ile saa, nikamwambia ajaribu, folda ikafunguka.

Bwana Kibona alizichukua funguo pale mezani, akamrudishia Tumpe mkononi. "Nisamehe, mama," akasema, na sikuwahi kumsikia akisema hivyo tena. Simbeye alitoka mbio kwenda kumnunulia chai na chapati, akamsahau dereva wa watu mlangoni.

Jioni Tumpe alinisindikiza hadi stendi ya magari ya Vwawa. Akaniuliza nilijuaje kwamba si yeye. Nikamjibu kwamba sikujua, na kusema kweli hata mimi nilimshuku.

"Kwa hiyo ungesema neno moja tu," akasema, "saa hizi ningekuwa njiani naenda kumwambia mama."

Mwanangu, sasa umepata kazi, na watu watakugeukia wakuulize kama ni fulani. Watakuwa na haraka, na wewe utataka kuonekana unajua. Usiwape labda yako. Soma ujumbe hadi mwisho. Anayelalamika mhamishie kwenye kiti kingine, uone kama shida inamfuata au inabaki ilipokuwa. Na yule aliyesimama pembeni akingoja utakachosema, mkumbuke yeye kwanza, heshima yako itakuja baadaye.

Mungu akupe moyo wa kusema sijui mbele za watu. Na siku utakaposimama wewe mahali aliposimama Tumpe, akuwekee karibu mtu atakayekwenda kuangalia.