Mtani Aliyevaa Koti la Baba

Juzi mjukuu wangu alinionyesha filamu ya zamani ambayo wachambuzi wanaiponda, eti mtu gani anachekesha msibani. Nikachukia. "Ile ni komedi, bwana! Yule ni mtani wa marehemu, ana ruhusa."

Nilimwona mtani wa kwetu nikiwa mtoto mdogo, siku alipokufa baba, kijijini Handeni, enzi za ujamaa. Uani kulinuka ubani. Mtani wetu Mnyamwezi, mkata mkonge wa Korogwe, alivaa koti la baba, akakohoa kama baba, akafoka: "Nani kachukua jembe langu? Shamba la ujamaa linaningoja!" Wanawake walicheka huku wakilia. Mama naye alicheka.

Nikaona kumbe baba naye anatania tu kufa. Walipombeba baba kwenda makaburini, nikamwekea ugali wake, nikaufunika, nikakaa mlangoni kumsubiri.