Fundi Nolasco Aenda Ahmedabad

Siku Nolasco Rwezaura alipoingia Ahmedabad, mji mzima ulikuwa juu ya mapaa. Teksi iliyomtoa yeye na binti yake uwanja wa ndege ilikuwa ikikata mitaa, naye kapakata begi lake kiti cha nyuma, akatoa kichwa nje ya dirisha na kuona watu wamejaa juu ya nyumba, wanaume na wanawake, hata bibi vizee waliovaa sari, wote wakitazama mbinguni na kupiga makelele. Nolasco alikuwa fundi mwashi kwa miaka thelathini na minane. Alijua kwamba mtu mzima hapandi juu ya nyumba bila sababu. Ama bati limeng'olewa na upepo, ama nyumba inaungua.

Akamshika binti yake mkono. "Kemirembe, kumetokea nini?"

"Sikukuu, Tata. Wanarusha vishada vya karatasi."

"Watu wazima?"

"Watu wazima."

Nolasco akarudisha kichwa ndani. Kuanzia hapo, kwa siku tisa mfululizo, hakuacha kushangaa, na hakuna jibu alilopewa lililomtosha.

Alikuwa mtu wa Igurwa, mwenye kibanja cha migomba na kahawa kama majirani zake, lakini aliyemjua alimjua kwa mwiko wake. Nyumba nyingi za matofali ya kuchoma kuanzia Igurwa hadi Nyakasimbi zilipita mikononi mwake, na maduka kadhaa pale mjini Kayanga. Watu walisema ukuta wa Nolasco hauhitaji kupigwa lipu, unapendeza hivyo hivyo. Katika watoto wake watano, Kemirembe ndiye aliyekuwa akimfuata saiti tangu mdogo, akimshikia kamba ya timazi. Alipofaulu na kupata ufadhili wa kusoma India, Nolasco alitangaza kigangoni baada ya misa kwamba mwanawe anakwenda kuwa injinia. Na injinia, kwa jinsi alivyoelewa yeye, ni mtu anayejenga ghorofa. Alikwisha kuliona hilo ghorofa kichwani mwake, pale Kayanga, jirani na stendi, lina vioo.

Sasa alikuwa amealikwa kwenye mahafali. Mkewe, Immaculata, alishindwa kusafiri kwa sababu ya miguu, akampa mfuko wa karanga na maagizo matatu: amwangalie mtoto kama amekonda, amuulize anarudi lini, na achunguze kama kuna mwanamume.

Mtoto hakuwa amekonda. Lakini kila Nolasco alipouliza habari za kurudi, Kemirembe alisema, "Kwanza nikutembeze, Tata." Mahafali yalikuwa Jumamosi. Walikuwa na siku tano.

Akamtembeza mji wa kale. Waliingia mitaa myembamba kiasi kwamba Nolasco aliweza kugusa kuta za pande zote mbili kwa wakati mmoja. Kila mtaa ulikuwa na lango lake, kama ua wa familia moja kubwa. Nyumba zilikuwa za mbao na matofali membamba, nguzo zimechongwa maua, kasuku na vichwa vya tembo, lakini nyingine zilikuwa zimeinama, rangi imebabuka, mbuzi amelala kizingitini. Nolasco alipima kwa jicho, akaona ukuta uliopinda kwa upana wa kiganja kizima.

"Hii ilitakiwa kubomolewa zamani," alisema.

Kemirembe akaendelea kutembea.

Katikati ya kiwanja kidogo walikuta kijumba kimesimama juu ya nguzo ndefu, kina kuba na nakshi kama kanisa dogo. Nolasco alidhani ni kaburi la mtu mkubwa. Binti yake akamwambia ni nyumba ya ndege, watu wa mtaa ule huwawekea nafaka humo kila asubuhi.

"Ndege wamejengewa?"

"Wamejengewa."

"Na fundi?"

"Ndiyo, Tata, fundi kabisa."

Nolasco alikizunguka kijumba kile mara tatu. Kwao Igurwa ndege wanakula mtama shambani bila kukaribishwa, na watu wanatafuta mbinu ya kuwafukuza. Alitaka kucheka, lakini kazi ilikuwa nzuri mno kuchekwa. Pembe zote nane zilikuwa sawa.

Siku ya pili walikwenda kwenye msikiti mdogo uliozungukwa na magari yanayopiga honi. Wakavua viatu. Kemirembe akamwonyesha dirisha. Lilikuwa la jiwe tupu, lakini jiwe lenyewe lilikuwa limetobolewa likawa mti, matawi yamesukana na matawi, majani kwa mamia, mwanga ukipita katikati kama unavyopita kwenye migomba saa nne asubuhi. Nolasco alisogea mpaka pua ikakaribia kugusa. Alitafuta maungio. Fundi yeyote huacha alama mahali alipounganisha. Aliyaona machache, membamba kama unywele, na mengine alishindwa kabisa kuyaona.

"Walitumia mashine gani?"

"Patasi na nyundo, Tata. Ni zaidi ya miaka mia nne na hamsini."

"Aliyesimamia kazi hii alikuwa nani?"

"Aliitwa Sidi Saiyyed. Wanasema asili yake ilikuwa Uhabeshi."

"Uhabeshi ya Afrika?"

"Ya Afrika."

Nolasco alikaa chini kwenye sakafu ya baridi. Alitaka kujua mtu huyo alifikaje, nani alimfundisha, na kama alirudi kwao. Kemirembe alijua kidogo tu, na hicho kidogo kiliongeza maswali badala ya kuyapunguza. Chakula cha mchana kilipoletwa, mchuzi wa dengu ulikuwa na sukari ndani yake. Nolasco aliula wote bila kuuliza. Alishachoka kuuliza.

Siku ya tatu walitoka nje kidogo ya mji, mahali paitwapo Adalaj. Nolasco aliona uwanja wa kawaida na ukuta mfupi, akadhani wamepotea njia. Kisha ardhi ikafunguka mbele yake. Ngazi zilishuka, na kandokando ya ngazi kulikuwa na ghorofa, moja chini ya nyingine, nguzo juu ya nguzo, tano kwenda chini, zote mawe ya nakshi, mpaka huko mwisho kabisa palipokuwa na maji.

"Hiki ni nini?" Sauti yake ilimrudia kutoka chini.

"Kisima. Watu walishuka kuchota maji, wakapumzika kwenye kivuli. Malkia ndiye aliyekimaliza."

Maisha yake yote Nolasco alikuwa amejenga kwenda juu. Alishuka ngazi polepole, mkono ukutani, na kila alivyoshuka hewa ilizidi kuwa ya baridi. Akilini alijaribu kuipindua kazi ile: walianza na ghorofa gani? Msingi uko wapi? Kama walianza chini, udongo wa pembeni ulizuiwa na nini? Na kama walianza juu, nguzo zilisimama juu ya kitu gani? Kichwa kilimzunguka, akaketi kwenye ghorofa ya tatu.

Hapo ndipo Kemirembe alipoketi kando yake na kusema.

"Tata, mimi sikusomea ghorofa."

"Umesomea nini?"

"Nilianza hivyo. Mwaka wa pili nikabadilisha. Nimesomea ukarabati wa majengo ya kale. Kuyatunza yasianguke. Nimepata kazi hapa ya miaka miwili, kwenye ile mitaa niliyokuonyesha."

Nolasco alimtazama kama anavyomtazama mteja aliyebadilisha ramani baada ya ukuta kufika lenta.

"Zile nyumba zilizoinama?"

"Zile zile."

"Umevuka dunia nzima hii uje kujifunza kuziba nyufa za nyumba kuukuu za watu?"

"Ndiyo maana nilitaka uzione kwanza."

"Nimeziona. Na kwetu? Kwetu utatunza nini, Kemirembe? Nyumba ya nyasi?"

 Machozi yalimlengalenga binti, na Nolasco, aliyekuwa tayari kugomba, akajikuta hajui agombe juu ya nini. Hakudanganywa, maana hakuwahi kuuliza zaidi ya "masomo vipi". Hakuibiwa. Mtoto hakuwa amefeli. Walipanda ngazi kurudi juu, na njia nzima ya kurudi mjini Nolasco hakuangalia nje ya dirisha la gari.

Asubuhi iliyofuata alikubali kumfuata saiti, kwa sababu kubaki peke yake chumbani kulimshinda. Ilikuwa nyumba ya familia moja ndani ya mitaa ile, ukuta mmoja umefunuliwa mpaka kwenye matofali. Mwanamume mmoja alikuwa akikoroga mchanganyiko kwenye beseni. Alipoinua uso, Nolasco alisimama kama aliyepigwa na kitu. Mtu yule alikuwa mweusi kama yeye, nywele kama zake, na alifanana na Mutabazi, shemeji yake wa Nyakasimbi, hata mwanya wa meno.

"Tata," Kemirembe akasema, "huyu ni Rafik."

Nolasco alisikia neno moja tu, na agizo la tatu la mkewe likamjia. Akamkagua mwanamume yule toka unyweleni hadi kandambili. Hata hivyo adabu ni adabu. Akamsalimia kwa Kinyambo, lugha ya kwao. Mtu akatabasamu, hakujibu. Akamsalimia kwa Kiswahili. Mtu akamgeukia Kemirembe, akasema maneno marefu ya Kigujarati.

"Mbona hajibu?"

"Haelewi, Tata. Amezaliwa hapa. Baba yake na babu yake vilevile. Wapo wengi, wanaitwa Wasidi. Wazee wao walitoka pande zetu zamani sana, wengine utumwani, wengine kama askari au mabaharia."

"Unataka kuniambia huyu ni Mhindi?"

"Ni Mhindi."

"Na wewe umesema ni rafiki yako. Rafiki wa namna gani?"

Kemirembe akaangua kicheko mpaka akakaa juu ya rundo la mchanga. "Rafik ndilo jina lake! Ana mke na watoto watatu!" Akamtafsiria mwenyewe, naye Rafik akacheka, na Nolasco akacheka kwa aibu, akafuta jasho ambalo halikuwepo.

Wakaonyeshana kazi, maana ndiyo lugha iliyobaki. Kwenye beseni hakukuwa na saruji. Kulikuwa na chokaa iliyolowekwa siku nyingi, vumbi la matofali, sukari guru na maji ya uwatu. Nolasco alionja kwa ncha ya ulimi. Kweli ilikuwa tamu. Nchi hii ilitia sukari kwenye mchuzi na kwenye ukuta! Akauliza kwa ishara kwa nini wasipige saruji wakamaliza leo. Rafik akamchukua mpaka upande wa pili, ambako mtu alikuwa amepiga saruji miaka michache iliyopita. Matofali ya kale nyuma yake yalikuwa yameoza kwa unyevu uliokosa pa kutokea, yakimomonyoka kama mkate uliolowa. Nolasco aliingiza kidole. Kikazama mpaka pingili ya pili. Akavua koti, akaomba mwiko.

Alijenga mpaka saa nane. Wakati wa chai Rafik alipiga beseni kwa viganja, mapigo ambayo Nolasco alihisi anayajua na hayajui. "Goma," Rafik akasema, akijionyesha kifuani, na kuelekeza mkono kule wanakokaa watu wake.

"Ngoma?" Nolasco akauliza.

"Goma, goma."

Walitazamana. Neno moja lilikuwa limebaki, na hata hilo lilikuwa limepoteza herufi. Nolasco hakujua afurahi au asikitike. Alimshika yule mtu mkono, akaushikilia muda mrefu kuliko kawaida, kisha akamwachia.

Jumamosi Kemirembe alivaa joho. Jina lake liliposomwa, vibaya, Nolasco alichelewa kupiga makofi kwa sababu hakutambua kwamba ni lenyewe.

Igurwa watu walimsubiri kwa hamu. Costansia, jirani yao, aliuliza kama mtoto sasa ni injinia. Nolasco akasema, "Ni injinia wa... anatunza." Anatunza wagonjwa? Hapana, nyumba. Nyumba zina nini? Zimezeeka. Wakatazamana. Alijaribu kuwaeleza kisima, akachora kwa kijiti chini, ghorofa zinazoshuka, nao wakaenda zao wakisema safari imemchosha mzee. Immaculata peke yake ndiye aliyemsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Miaka miwili," akaendelea kumenya ndizi.

Mwezi wa tatu kamati ya kigango ikamwita. Walitaka ile nyumba ya zamani ya katekista, ya mawe na udongo, ibomolewe, ijengwe mpya. Nolasco alikuwa ameshabomoa nyingi za aina hiyo bila kufikiri mara mbili. Safari hii akasema, "Tusubiri kidogo."

"Tusubiri nini?" mwenyekiti akauliza.

Alifikiri. "Sijui," akasema.

Mtu hawezi kusimamisha kamati kwa "sijui". Wiki iliyofuata walileta vijana wa Kayanga, na kabla ya saa sita mchana nyumba ilikuwa chini. Nolasco alikwenda kutazama. Aliona mawe ya pembeni yalivyokuwa yamechongwa, kwa mkono, na mtu ambaye hakuna aliyejua jina lake. Hakuna ubaya uliofanyika. Nyumba ilikuwa inavuja. Walipomwomba ajenge mpya, alikubali.

Kemirembe alipopiga simu, baba yake alikuwa kwenye msingi, saruji mikononi.

"Mama ameniambia kuhusu nyumba ya katekista. Walibomoa?"

"Walibomoa."

"Na wewe unafanya nini?"

"Ninajenga mpya."

 Nolasco alitaka kumwambia jambo, juu ya yale mawe, na juu ya kidole chake kilivyozama ukutani kule, na kwamba tangu arudi kila nyumba kuukuu anayopita inamsimamisha njiani bila kumweleza inataka nini. Lakini hakujua aanzie wapi.

"Umekula?" akamuuliza.