Njegere Niliyoichomoa

Leo nimeomba samahani mbele ya shule nzima kwa sababu jaribio letu lilifaulu.

Mimi na Atupele, tukiwa timu moja, tulikuwa tunashindania nafasi ya kwenda maonyesho ya sayansi Iringa. Tulijenga mfano wa grafiti: kaboni iliyopangika tabaka juu ya tabaka, kila tabaka lina unene wa atomi moja tu. Atomi zetu zilikuwa njegere, tukaziunga kwa vijiti vya meno. Gololi ilikuwa ioni, yaani atomi yenye chaji, ya kuzipiga.

Nikaidondosha.

Ikatoboa tabaka la juu. Njegere moja ikang'oka, ikanasa katikati ya matabaka.

Watu wakacheka. Masikio yakaniwaka.

"Samahani, imeharibika," nikasema, nikaichomoa haraka.

Mwalimu wa fizikia akashika kichwa. "Sasa unaitoa ya nini, binti? Si hiyo kasoro ndiyo mliyokuja kutuonyesha?"

Ndiyo. Atomi ikipigwa na ioni hung'oka, na nyingine hunasa katikati ya matabaka vilevile. Maelezo yote nilikuwa nimeyakariri. Njegere nilikuwa nimeifinya kiganjani.

Iringa wanakwenda wenzetu wa mradi wa biogesi.

Atupele hakunigombeza. "Twende kwetu Mbalizi, tukapike atomi zilizobaki."

Nimekula kwao nikitazama sahani.

Mlio karibu na Atupele, mwambieni samahani kwa niaba yangu. Yangu niliitumia pale mbele, pasipohitajika.