Pigo Moja la Matoazi: Kutoka Tanga hadi Fairfax na Kurudi

Nilisafiri kutoka Tanga hadi Amerika ili nisikie pigo moja la matoazi. Naliweka jambo hili mwanzoni ili msomaji asidhani nilikuwa na shughuli nyingine. Afisa aliyenihoji kuhusu viza alidhani hivyo. Aliniuliza mara tatu, nami nikamjibu mara tatu kwa maneno yaleyale, mpaka akaandika kwamba nakwenda kumtembelea dada yangu. Hilo nalo lilikuwa kweli.

Mimi ni fundi saa. Miaka kumi na tisa iliyopita, mhandisi wa Kijapani aliyekuwa akichimba visima wilayani kwetu aliniletea saa yake ya mkono. Tatizo lilikuwa chembe moja ya mchanga. Nilikataa ujira kwa kazi ndogo kama ile, naye akaniachia kaseti iliyorekodiwa mwaka uleule. Ndani yake okestra ya mji aliozaliwa inapiga simfonia yenye sehemu nne. Sikuwa nimewahi kusikia muziki wa namna hiyo, wala hapakuwa na wa kunifundisha, kwa hiyo nilijifundisha kwa vitabu vya maktaba na kamusi.

Kitabu kimoja kilieleza kwamba katika simfonia hiyo nzima, ya dakika arobaini, matoazi hupigwa mara moja tu, katika sehemu ya mwisho. Nikairudia kaseti. Hapakuwa na pigo. Mahali palipotajwa palikuwa na uchafu: mchakacho mfupi, kama fagio lililoburutwa mara moja sakafuni. Nikasafisha kichwa cha redio, kile kinachogusa utepe, kwa pamba na spiriti. Mchakacho ukabaki. Tangu hapo nilikisafisha kila mwezi bila kukosa, na mchakacho haukuondoka. Nikahitimisha kwamba kaseti yangu ina ila, tena mahali palepale nilipopahitaji.

Basi dada yangu Zaina, anayeishi Adelphi, Amerika, na kuuguza wazee majumbani, aliponipigia simu kwamba ameona tangazo la okestra ya mji uleule, kwamba inakuja Fairfax, si mbali na kwake, na kwamba itapiga simfonia ileile, sikuwa na la kufikiria. Nilifunga duka.

Ijumaa jioni, uwanja wa ndege. Nilipokewa na mume wa Zaina, shemeji Trésor, Mkongo wa Bukavu, mtu mwema sana mwenye gari lenye harufu ya machungwa.

"Bon, shemeji! Karibu sana! Voyage ilikuwa namna gani?"

"Saa ishirini na sita na dakika kumi," nikamjibu.

Tulipoingia barabara kuu inayouzunguka mji, magari yalisimama kabisa, nasi tukapata nafasi ya kuzungumza. Nilimweleza kuhusu mpiga matoazi. Akanigeukia.

"Ule monsieur anatoka Japon?"

"Ndiyo."

"Anapiga mara moja tu, na anarudiya kwabo?"

"Ndiyo."

"Na ku hoteli banamupatiya chumba muzima?"

"Nadhani hivyo."

"Chumba muzima!" akasema, akapiga usukani. Alilirudia neno hilo mara kadhaa kabla hatujafika Adelphi.

Jumamosi, nyumbani kwa Zaina. Fleti yao iko ghorofa ya pili, hatua chache kutoka barabara ya University. Mchana alikuja Shangazi Mwanaidi, dada wa marehemu baba yetu, ambaye sasa anakaa kwa binti yake huko College Park. Kabla hajahamia Amerika, Shangazi hakuwahi kukosa kiti cha mbele katika ukumbi wowote wa taarabu mjini Tanga. Nilimwamkia, akaitikia, akaniambia nimekonda, kisha akatangaza kwamba kesho tunakwenda naye.

Nilikuwa nimeandika kanuni za ukumbini, tisa kwa jumla. Niliwaketisha wote kwenye kochi nikawasomea. Kutopiga makofi mpaka sehemu zote nne ziishe. Kuzima simu. Kukohoa kwenye leso, tena wakati ala za shaba zinapolia. Kutokula. Kutoitikia. Kutoita jina la mpigaji yeyote.

"Soma tena ile ya nne," Shangazi akasema.

"Hakuna kula."

"Hata karanga?"

"Hasa karanga, shangazi."

"Kaka Hamza," Zaina akasema, "usitu-stress. Watu wazima tunajua ku-behave."

Nikawaeleza pia watakachokiona: kwamba mpiga matoazi atakaa nyuma kabisa ya jukwaa, mikono mapajani, zaidi ya nusu saa, wenzake wote wakipiga, kwamba karibu na mwisho atasimama, atainua matoazi, atapiga mara moja, ataketi. Nilieleza kwa urefu, pengine kwa hisia nyingi kuliko ilivyonipasa.

"Maskini!" akasema Shangazi Mwanaidi. "Na katoka mbali hivyo."

Neno hilo nilipaswa kulitilia maanani. Badala yake niliwauliza kama kuna swali, na hapakuwa na swali.

Jumapili, saa sita mchana. Onyesho lilikuwa saa tisa. Shemeji alisema tukiondoka saa nane inatosha. Nilimkumbusha barabara ya Ijumaa, tukaondoka saa sita, na barabara ilikuwa tupu. Tulikaa karibu saa mbili kwenye maegesho ya ukumbi, katika chuo kikubwa cha Fairfax, tukila karanga kwa kuwa kanuni ya nne ilihusu ukumbini tu.

Saa tisa kasorobo tuliingia. Viti vyetu vilikuwa safu ya tatu. Shangazi nilimweka mwishoni, pembeni ya njia, kwa sababu goti lake la kushoto halikunjiki vizuri. Mpangilio huo ulikuwa wangu mwenyewe.

Mpiga matoazi nilimtambua mara moja. Alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, mwenye miwani, ameketi kwenye jukwaa dogo nyuma ya tarumbeta. Matoazi yalilala mbele yake juu ya kitambaa cheusi. Sehemu ya kwanza ilipita, ya pili ikapita, ya tatu ikapita. Yule bwana hakutikisa hata kidole. Familia yangu ilishika kanuni zote. Shemeji alikohoa mara moja, kwenye leso, chini ya sauti ya tarumbeta, akanitazama ili ahakikishe nimeona.

Katika sehemu ya nne moyo wangu ulianza kwenda mbio kuliko muziki. Naujua muziki ule pigo kwa pigo. Zilipobaki hesabu thelathini na mbili za mapigo manne manne, mpiga matoazi alisimama. Alitwaa matoazi, akayanyanyua usawa wa kifua.

Shangazi Mwanaidi naye alisimama.

Kwetu anayeburudisha hutunzwa, yaani hupewa zawadi, palepale, wimbo ukiendelea. Kumsubiri amalize ni kumnyima. Hili nalijua tangu utoto. Katika kanuni zangu tisa halikuwamo, kwa kuwa nilikuwa nimezitoa vitabuni, na waandishi wa vitabu vile hawakumjua shangazi yangu.

Alitoa kanga mpya mkobani, akaikunjua, akapanda ngazi za pembeni kwa mwendo wa taarabu, bega moja baada ya jingine, goti likimtii kabisa. Mhudumu wa ukumbi, msichana aliyevaa nguo nyeusi, alimfuata kwa kunyata, asijue amshike wapi. Shangazi alipita nyuma ya fidla, akawapisha wapiga filimbi kwa heshima, akafika kwenye lile jukwaa dogo. Bwana yule alikuwa na toazi kila mkono na hakuweza kujitetea. Shangazi akamvisha kanga mabegani, akaiweka sawa upande wa kushoto, akapiga kigelegele kimoja kifupi, akaanza kurudi.

Hesabu ilifika. Hesabu ikapita. Matoazi yalikuwa yamenyanyuliwa vilevile.

Okestra haikusimama. Watu kadhaa walipiga makofi. Nadhani walifikiri ni sehemu ya programu. Shangazi alirudi kitini, akaniinamia sikioni.

"Nimemtunza," akasema. "Sasa hatakwenda kwao hivihivi."

Nilikuwa nimevuka bahari, na kaseti na ukumbi vilikuwa vimenipa kitu kilekile.

Saa kumi na moja jioni, sebule ya ukumbi. Mhudumu alituomba tusubiri. Zaina alisema kwa hakika wanaita polisi. Shemeji alianza kutafuta vitambulisho. Lakini aliyekuja alikuwa mkalimani wa okestra, mwanamke mwenye kijitabu, na nyuma yake mpiga matoazi mwenyewe, kanga ikiwa bado mabegani. Aliinama mbele ya Shangazi mpaka miwani ikamteleza.

"Bwana Okuda anaomba radhi," mkalimani akasema kwa Kiingereza, nami nikatafsiri. "Mlimheshimu, naye hakupiga. Kwa miaka thelathini katika okestra hii hajawahi kukosa."

"Mwambie nimemsamehe," Shangazi akasema.

Mimi nikaomba radhi kwa niaba ya Shangazi. Mkalimani akaomba radhi kwa niaba ya okestra. Shemeji, asitake kubaki nyuma, akaomba radhi kwa kukohoa. Bwana Okuda akauliza maandishi ya kanga yanasema nini. Nikamwambia: "Subira yangu si ujinga." Akacheka huku amefunika mdomo.

Hapo ndipo Zaina alipomweleza, kwa Kiingereza cha haraka, jinsi nilivyotoka Tanga kwa ajili ya pigo lile. Bwana Okuda aliacha kucheka. Alisema jambo moja fupi, akaondoka. Mkalimani akatuambia tumsubiri nje, kwa kuwa jukwaa lilikuwa likifungashwa.

Alitukuta maegeshoni, kando ya gari la shemeji, akiwa na matoazi, mkalimani nyuma yake. Palizuka tatizo. Alieleza kwamba pigo halianzi lenyewe. Linatoka katika hesabu zilizolitangulia, na bila hizo ni kugonganisha vyuma tu. Okestra ilikuwa inapanda basi. Nani angepiga hizo hesabu?

"Mimi nazijua," nikasema.

Nikazigawa. Zaina nilimpa filimbi, noti mbili tu, zinazojirudia. Shemeji nilimpa besi. Shangazi nilimwomba anyamaze, naye akakubali kwa sharti kwamba ataruhusiwa kutikisa kichwa. Mimi nilichukua fidla. Tulisimama kati ya magari mawili tukaimba hesabu thelathini na mbili, na shemeji aliimba besi yake kwa uaminifu ambao sitausahau. Bwana Okuda alisimama wima na kanga yake, macho kwangu kama vile mimi ndiye kiongozi wa okestra. Nilijiandaa kwa kishindo. Hesabu ilipofika, aligusisha ukingo wa toazi moja kwenye nyingine, akalivuta taratibu.

Mchakacho mfupi. Kama fagio lililoburutwa mara moja sakafuni.

"Ndilo hilo tu?" akauliza Shangazi Mwanaidi.

"Ndilo," nikasema. Niliketi kwenye ukingo wa njia. Zaina alidhani nimeugua.

Jumatano, safari ya kurudi. Bwana Okuda alikuwa amekwisha kwenda mji mwingine kupiga pigo jingine. Shemeji alinifikisha uwanjani mapema kwa saa nne, bila mimi kumwomba. "Chumba muzima," akasema tulipoagana. "Sasa ninaelewa. Ile kazi inataka mutu apumuzike."

Ijumaa, Tanga. Nilifungua duka, nikaweka kaseti kabla ya kufungua hata saa moja ya mteja. Sehemu ya nne, hesabu thelathini na mbili, na mchakacho ukaja, mahali pake, laini, safi kabisa. Haukuwa na ila yoyote. Nilikuwa nimeusikia tangu siku ya kwanza.

Nilichojifunza ni hiki: kitabu kiliniambia kuna pigo, hakikuniambia lina sauti gani, na pengo hilo nililijaza mwenyewe kwa kishindo. Halafu nikakaa miaka kumi na tisa nikikisubiri. Bwana Okuda alisema yumo katika okestra ile kwa miaka thelathini, kwa hiyo aliyemo kwenye kaseti ni yeye. Kila mwezi nilikuwa nikijaribu kumfuta kwa pamba.

Nimemwandikia barua ya kuomba radhi. Chupa ya spiriti sasa ni ya saa tu.