Vitambaa vya Nangila na Wakazi Wasiohesabiwa wa Tanurini

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya mashamba ya mahindi, Nangila Wabwile anainama kwenye chemchemi na kukinga mtungi wa kwanza. Maji yanatoka kwa uzi mwembamba kupitia kipande cha bomba kilichochomekwa kati ya mawe. Mtungi wa lita ishirini unachukua dakika sita kujaa. Mitungi mingine sita inasubiri juu ya mkokoteni, na kila mmoja una kitambaa kilichofungwa kwenye mshikio wake: chekundu, cha kijani, cha maua, cha sare ya shule iliyochujuka.

Vitambaa hivyo ndivyo anwani. Katika mtaa wa Tanurini, nje kidogo ya Kitale upande wa barabara iendayo Ndalu, hakuna majina ya njia wala namba za nyumba. Anayehamia hufunga kitambaa chake mtungini. Anayehama hukifungua na kumrudishia Nangila, naye hukitia ndani ya gunia la sukari analoliweka chini ya kitanda.

"Hii ya maua ni ya Mama Cherop," anasema, akimtaja jirani yake Jerono. "Huyo lazima apate ya kwanza. Nilijiwekea hiyo sheria mwenyewe, na sijawahi kuivunja."

Kwa nini, haelezi mpaka mkokoteni uwe mtupu.

Nangila ana umri wa miaka sitini na mmoja. Ni mjane, na amechota maji hapa kwa miaka ishirini na mitatu. Siku njema hufanya safari sita na kupata kama shilingi mia nne. Goti lake la kulia limevimba, na akipanda kilima hulifunga kwa kipande cha leso. Wachota maji wenzake watatu wamegawana milango iliyobaki. Yeye ana milango tisini, na anaijua yote.

Tanurini ilianza kama kambi ya vibarua wa shamba kubwa lililokuwa na tanuri la matofali. Mwenye shamba aliondoka, tanuri likazimika, vibarua wakabaki. Katika ramani, mpaka wa mji unaishia kwenye kalvati ya mfereji iliyo hatua mia mbili kabla ya nyumba ya kwanza. Kutoka hapo kuendelea, karatasi zinasema ni shamba, ingawa palipokuwa na mahindi sasa pana vyumba vya mabati vilivyobanana ukuta kwa ukuta. Mji unawahesabu watu hawa kuwa wa shambani. Shambani wanaonekana kuwa watu wa mji.

Historia ya mahali hapa haijaandikwa popote, lakini Nangila anaweza kuisimulia kwa mitungi.

"Wale wa kwanza, wa kambi, walikuwa na familia kubwa. Mlango mmoja, mitungi sita," anasema. "Halafu wakaja wale wa mlimani, wakati wa fujo ya mashamba. Hao hawakuwa na mtungi hata moja. Walikuja na watoto mgongoni tu. Niliwachotea kwa sufuria yangu mwezi mzima."

Baadaye zilifika familia kutoka Matulo na pande nyingine za Bungoma zilizokuwa zimegawa mashamba ya baba zao mpaka hapakubaki cha kugawa. Na sasa, katika miaka ya karibuni, wamejaa wanafunzi wa vyuo, waendesha bodaboda na wauza nguo za mitumba, wanaopanga chumba kwa miezi mitatu na kuondoka. Hawa hawana mitungi ya lita ishirini. Wana vidumu vya lita tano vilivyowahi kubeba mafuta ya kupikia.

"Hawa hata kitambaa wananiuliza ni ya nini," anasema, akicheka kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo. "Mmoja alifunga soksi. Nikamwambia, kijana, soksi yako sitaibeba kwa maji ya watu."

Mwenye soksi, Hillary, ni mwendesha bodaboda wa miaka ishirini na minne. Anamsubiri mlangoni na kidumu chake.

"Niaje, mathe?"

"Mathe ni nani? Sema shikamoo kama mtu aliyezaliwa."

"Shikamoo, mathe."

"Marahaba. Jumatano utakuwa?"

Hillary anakuna kichwa. "Mathe, si nilikuambia? Mimi niko hapa mpaka Desemba tu. Niandikwe ya nini, bana? Home ni Webuye."

Nangila hambishii. Anamimina maji, anapokea sarafu, anausukuma mkokoteni. Lakini hatua chache mbele anasimama na kuvuta pumzi, na si kwa sababu ya goti.

Jumatano anayoizungumzia ndiyo siku ya kuhesabiwa upya. Bomba kuu la mradi mmoja wa maji limelazwa kando ya barabara, mita mia nane kutoka nyumba ya mwisho ya Tanurini. Mtaa wenye kaya mia mbili za kudumu hupewa tawi la bomba na vioski viwili. Miaka miwili iliyopita, makarani wa mradi walipita hapa nyumba kwa nyumba. Taarifa yao ilisema kwamba Tanurini ina kaya sitini na moja za kudumu. Waliobaki ni wapitaji. Bomba likaelekezwa mtaa mwingine.

Makarani hawakukosea hesabu. Waliandika walichoambiwa. Na waliambiwa hivyo kwa sababu ya Nangila.

"Niliwaona kwenye kalvati, vijana wanne na karatasi," anasimulia, akiwa ameketi juu ya mkokoteni uliopinduliwa. "Walikuwa wanauliza majina, na kila mtu ni wa wapi. Moyo yangu ikashtuka. Niliacha maji hapo njiani."

Alikuwa ameona orodha kama hiyo kabla. Katika vurugu zilizofuata uchaguzi mmoja, watu asiowajua walipita wakiuliza nani ni mwenyeji na nani si mwenyeji, na baada ya siku mbili nyumba kumi na moja zilichomwa. Walionusurika walikuwa wale waliosema kwamba wao ni wapita njia, kwamba kwao ni mbali na wako karibu kuondoka. Funzo hilo lilibaki Tanurini kuliko funzo lolote la shule.

Basi siku ile Nangila alitangulia mbele ya makarani, mlango kwa mlango, kwa njia za uchochoroni ambazo yeye tu na wachota maji wenzake huzijua. "Niliwaambia, msikubali kwamba hapa ni kwenu. Semeni ni kule baba zenu wamezikwa. Matulo, semeni Matulo. Ndalu, semeni Ndalu." Wakatii. Yeye mwenyewe, alipoulizwa makao yake ya kudumu, alijibu Ndalu, alikozikwa mumewe, mahali ambapo hajalala usiku hata mmoja tangu mazishi, kwa kuwa shemeji zake walikwisha kulima mpaka kwenye kizingiti cha nyumba yake.

Haikuwa shida kuwashawishi. Tanurini haina kaburi hata moja. Kwa miaka yote hiyo kila aliyefariki amesafirishwa: Wabukusu kwenda vijiji vya Bungoma, watu wa mlimani kwenda Cheptais. Majirani huchanga, pikapu hukodishwa, na mtaa hubaki kama ulivyokuwa, bila kilima cha udongo cha kuonyesha kwamba mtu aliishi hapo na kuzeeka.

Mvua za masika ya mwaka jana zilijaza vyoo vya shimo vilivyo juu ya chemchemi. Nangila aliona maji yamebadilika rangi. Aliwaambia wateja wachemshe. Baadhi walichemsha; wengine, wenye makaa ya chakula kimoja tu kwa siku, hawakuweza. Homa ya matumbo iliingia milango thelathini. Cherop, binti wa Jerono, alikuwa na umri wa miaka tisa.

"Maji ilikuwa ya mkokoteni wangu," Nangila anasema. Hashushi sauti wala hapandishi. "Ya kitambaa ya maua. Mimi ndiye niliipeleka."

Ndiyo sababu ya mtungi wa kwanza. Kabla chemchemi haijavurugwa na ndoo za watu, kabla matope hayajapanda, maji ya alfajiri huwa na afadhali. Ni afadhali ndogo, na Nangila anajua kwamba imechelewa.

Jerono anapokea mtungi wake bila maneno mengi. Ana miaka thelathini na minane, mikono ya mtu aliyelima tangu utoto, na hadi leo hununua maji kwa Nangila, si kwa mwingine. Alipoulizwa kwa nini, alijibu kwa ufupi: "Yeye pekee ndiye alikuja akasema ni yeye. Wengine walisema ni Mungu."

Wiki sita zilizopita, Nangila na wachota maji wenzake watatu waliketi Jumapili baada ya kanisa, wakapanga mitungi yote uwanjani na kuhesabu vitambaa. Walipata milango mia nne na kumi na miwili. Nangila alikwenda kwa miguu hadi ofisi ya mradi akiwa na vitambaa hivyo ndani ya gunia. Msimamizi, Bwana Kipkirui, alimsikiliza kwa nusu saa.

"Mama, ninakuamini," alimwambia. "Lakini kitambaa hakiwezi kutia sahihi. Nitawaleta makarani mara moja zaidi. Kila mwenye mlango aseme kwa mdomo wake kwamba makao yake ni hapa. Safari hii ikishindikana, siwezi kurudi kwa wakubwa wangu na mtaa uleule."

Tangu siku hiyo Nangila hupita milango ileile aliyopita miaka miwili iliyopita, akibeba ujumbe ulio kinyume. Mpaka asubuhi hii, watu mia moja na arobaini na wanane wamemwahidi. Wazee ndio wagumu. Mmoja alimuuliza kama amelipwa na watu wa orodha. Mwingine alimfungia mlango, na tangu hapo huenda chemchemini mwenyewe.

Na Jerono hajakubali.

"Mama Wakoli, wewe nakuheshimu," anamwambia Nangila leo, mtungi ukiwa kati yao. "Lakini mtoto wangu amelala Cheptais. Nikisema kwangu ni hapa, kule atakuwa mgeni wa nani?"

Nangila anaufuta mtungi kwa kiganja, kama mtu anayepangusa vumbi ambalo halipo.

"Maji nimekuletea, mwanangu," anasema. "Chemsha."

Bomba likifika, kazi yake itakwisha. Hilo amekwisha kulifikiria. Vioski viwili vitahitaji watu wawili wanaojua kusoma mita, naye aliacha shule darasa la tatu. Wenzake watatu wamemtania kwamba yeye ni mtu wa kwanza waliyemwona akibisha hodi nyumba kwa nyumba akitafuta wa kumfukuza kazi. "Wacha wanicheke," anasema. "Hii mkokoteni nitauzia mtu wa matofali. Lakini siku hiyo bomba inafunguliwa, nitakuwa wa kwanza kwa laini, na nitashika mtungi ya Jerono, si yangu."

Adhuhuri, simu yake inaita. Ni Wakoli, mwanawe wa pekee, fundi wa pikipiki mjini Bungoma. Amesikia kutoka kwa ami zake wa Ndalu kwamba mama yake anataka kuandikwa Tanurini, na kwamba amewaambia watu jambo jingine zaidi. Nangila anaweka simu kwenye kipaza sauti kwa sababu sikio lake la kushoto halisikii vizuri, na sauti ya mwanawe inajaza chumba.

"Mama, ati umesema uzikwe huko? Kwa mabati? Baba yuko Ndalu. Watu watasema nini? Watasema mimi nimeshindwa kukubeba."

"Waseme. Ndalu wamenilimia mpaka mlangoni."

"Hiyo nitaongea nao."

"Umeongea miaka tisa, mwanangu."

Ndani ya simu, upande wa Bungoma, injini ya pikipiki inaunguruma na kuzima.

"Mama, huko hakuna hata kaburi moja. Utakuwa peke yako."

"Ndiyo maana," anasema Nangila. "Kila mtu wetu mnampeleka. Mtu anaishi hapa miaka arobaini, akikufa mnampakia kwa gari, halafu mtu na karatasi anakuja anauliza nani anaishi hapa, na hakuna. Nilishajitoa kwa hiyo hesabu mara moja, kwa mdomo yangu, na mtoto ya watu akakufa. Jumatano nitajirudisha. Mkinipeleka Ndalu, mtakuwa mmenitoa tena."

Wakoli anasema atapiga baadaye. Nangila anaweka simu mfukoni na kuvuta gunia kutoka chini ya kitanda. Analitia mkono mpaka chini kabisa, anatoa kitambaa cha buluu kilichofifia, kipande cha shati la marehemu mumewe. Ndicho alichofunga kwenye mtungi wake mwenyewe walipohamia hapa, kabla hajawa mchota maji wa mtu yeyote. Alikifungua siku ile ya makarani, asije akaonekana ana mlango.

Anatoka nje, anauchukua mtungi wake usio na alama, na kukifunga tena kwenye mshikio. Anakaza fundo kwa meno. Kisha anauweka wa pili kwenye mkokoteni, nyuma ya mahali pa mtungi wa Jerono, na kuanza kuteremka kuelekea chemchemini.